Kuuliza Hifadhidata ya Vinasaba: Mfano wa Jeni ya Selimundu

Hifadhidata ya mfuatano wa kibayolojia ni mkusanyiko wa kompyuta ambamo wanasayansi huweka mpangilio wa herufi zinazowakilisha DNA, RNA au protini za viumbe, pamoja na maelezo ya asili na kazi ya kila mpangilio. Iliyo maarufu zaidi ni GenBank, iliyoanzishwa mwaka 1982 na ambayo sasa inasimamiwa na NCBI, kituo cha taifa kilichoko Bethesda, Marekani. Nayo hubadilishana rekodi kila siku na hifadhidata ya Ulaya iliyoko Hinxton, Uingereza, na ile ya Japani iliyoko Mishima, hivyo rekodi iliyowasilishwa katika mojawapo huonekana katika zote tatu. Huduma hii ni ya bure kwa yeyote mwenye intaneti, lakini wengi huandika neno moja kisandukuni, wakaletewa maelfu ya rekodi na kukata tamaa, kwa sababu hawajaelezwa kwamba utafutaji wa aina hii hauhusiani na maana ya swali: maneno ya muulizaji hulinganishwa tu na yale yaliyojazwa katika sehemu maalumu za kila rekodi.

Selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozitesa familia nyingi za Tanzania, Uganda na Kongo, unafaa kuwa mfano, kwa kuwa chanzo chake kinajulikana barabara. Ni badiliko la herufi moja tu katika jeni iitwayo HBB, iliyoko katika kromosomu ya 11, ambayo hubeba maagizo ya kutengeneza mnyororo wa beta wa hemoglobini, yaani protini inayosafirisha oksijeni katika damu. Mtafutaji akiandika neno hemoglobin peke yake, ataletewa rekodi za panya, samaki, ndege na hata bakteria, ilimradi neno hilo limetajwa popote ndani yake. Njia ya kuepuka rundo hilo ni kuzitumia nyuga, yaani zile sehemu zenye vichwa vyake ambamo rekodi imegawanywa: uga wa jina la jeni, wa kiumbe, wa mwandishi, wa urefu wa mfuatano, wa tarehe na kadhalika. HBB ikitafutwa katika uga wa jeni, na Homo sapiens katika uga wa kiumbe, rundo hupungua mara moja.

Maneno yanayounganisha masharti hayo ni AND, linalotaka yote mawili yatimie, OR, linaloridhika na mojawapo, na NOT, linaloondoa; nayo huandikwa kwa herufi kubwa. Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu, kwani mfumo wa NCBI huyasoma maneno hayo kutoka kushoto kwenda kulia. Anayeandika HBB AND Homo sapiens OR Pan troglodytes, akitaka jeni hiyo ya binadamu na ya sokwe, atapata HBB ya binadamu pamoja na kila rekodi ya sokwe iliyomo, iwe ya jeni yoyote ile, mpaka ayafunge majina mawili ya viumbe ndani ya mabano ili yasomwe kwanza.

Rekodi ikishapatikana, jambo la kwanza kuangaliwa ni namba yake ya utambulisho. Rekodi ya rejea ya RNA mjumbe ya HBB ni NM_000518, na tarakimu inayofuata nukta baada ya namba hiyo huonyesha toleo, ambalo hubadilika kila mfuatano wenyewe unaporekebishwa. Tofauti ya toleo si jambo dogo: rekodi MN908947 ya kirusi cha UVIKO-19 ilikuwa na herufi 30,473 katika toleo la kwanza, lakini toleo la tatu lina 29,903. Herufi NM nazo zina maana, kwani huashiria mkusanyo wa rejea unaosimamiwa na wataalamu wa NCBI, ilhali XM huashiria mfuatano uliokisiwa na kompyuta. GenBank yenyewe ni kumbukumbu ya kila kilichowasilishwa, na rekodi hubaki mikononi mwa aliyeiwasilisha, makosa yake yakiwemo. Kwa hiyo kuichukua rekodi ya kwanza inayotokea bila kujua ni ya aina gani ni uzembe usiofaa katika kazi ya sayansi.

Ndani ya rekodi ya HBB, sehemu inayotafsiriwa kuwa protini huanza na herufi atggtgcatctgactcctgaggagaag, ambazo zikisomwa tatu tatu hutoa asidi amino tisa, MVHLTPEEK. Kwa mwenye selimundu, gag ya nafasi ya saba huwa gtg, na asidi ya glutamiki huwa valini. Hata hivyo vitabu vingi huiita nafasi hiyo ya sita, kwa kuwa wanakemia waliolitambua badiliko hilo katika miaka ya 1950 waliihesabu protini iliyokomaa, ambayo methionini yake ya mwanzo imekwisha kuondolewa. Mtafutaji asiyelijua hili ataiangalia nafasi ya sita ya rekodi, akute prolini, na kudhani kwamba rekodi ina kosa.

Asiye na jina wala namba, bali ana mfuatano uliotoka maabara, hutumia BLAST, programu iliyochapishwa mwaka 1990 na Stephen Altschul na wenzake, ambayo hutafuta vipande vifupi vinavyolingana kisha kuvirefusha pande zote mbili. Kila jibu huja na thamani ya E, yaani idadi ya majibu yenye ulinganifu kama huo au zaidi yanayotarajiwa kutokea kwa bahati tu; kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo jibu linavyoaminika, na hifadhidata ikikua, thamani hiyo nayo hupanda. Lakini E ndogo huthibitisha ulinganifu, haithibitishi kwamba jeni ni ile ile. Mnyororo wa delta wa hemoglobini hutofautiana na wa beta kwa asidi amino 10 tu kati ya 146, na zile tisa za mwanzo zilizotajwa hapo juu zinafanana kabisa katika minyororo yote miwili, kwa hiyo anayeuliza kwa kipande hicho kifupi hawezi kuzitenganisha jeni hizo mbili.

Kuna pia uga wa mahali sampuli ilipochukuliwa, ambao mara nyingi hupuuzwa. Anayetafuta mifuatano ya Tanzania atapata tu ile ambayo jina la nchi limejazwa humo, na sampuli ya Mwanza au Muheza iliyowasilishwa bila jina hilo haitaonekana kwake, hata kama iligharimu miaka ya kazi. Watafiti na wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaowasilisha mifuatano wanaombwa wasiuache wazi uga huo, wala ule wa tarehe ya kuchukua sampuli.