Si Kila Mwasho ni Upele: Jihadhari na Manukato

Wengi wanaotuuliza dawa ya mwasho hapa Nyarushishi wameshaupa ugonjwa jina: upele. Mara nyingi ni kweli, maana tunalala tumebanana. Lakini upo mwasho mwingine unaoletwa na manukato yaliyotiwa katika sabuni, losheni, marashi, dawa ya kwapa au poda ya kufulia. Huo ni mzio.

Ngozi inaweza kuyapokea manukato kwa miaka bila shida. Kisha kinga ya mwili inaanza kuyahesabu kuwa adui, na tangu hapo hata kiasi kidogo kinatosha kuwasha. Kwa hiyo kusema "sabuni hii naitumia tangu Bukavu" hakuondoi shaka. Tena mwasho huchelewa siku moja hadi tatu. Umejipulizia marashi Jumapili, Jumanne shingo inawasha, nawe unalaumu blanketi.

Utatofautishaje? Upele huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, na mara nyingi wa nyumba moja hujikuna wote. Mzio hukaa pale kitu kilipogusa: shingoni, kwapani, usoni, au mikononi kwa anayefua. Hauambukizi. Husemwa kwamba ngozi huwa nyekundu, lakini kwetu weusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona ngozi imeiva weusi au zambarau, imekakamaa, pengine na malengelenge madogo. Doa jeusi laweza kubaki miezi mingi.

Doa hilo ndilo linalompeleka mtu kwenye mukorogo. Mafuta mengi ya kujichubua yana steroidi kali: mwasho unatulia siku chache, ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha, mwasho unarudi kwa nguvu. Mengine yana haidrokwinoni au zebaki, na zebaki huharibu figo. Rwanda imeyakataza, na mwishoni mwa mwaka 2018 yalikusanywa madukani. Ukiuziwa mafuta katika kikopo kisicho na maandishi, yaache hapo hapo.

Wengine hujinunulia dawa nyeupe ya upele, benzili benzoeti. Ni dawa nzuri kwa upele, usiikatae muuguzi akikupa. Lakini kitu hicho hicho kimo katika orodha ya vitu 26 vya manukato ambavyo Umoja wa Ulaya uliagiza tangu mwaka 2005 viandikwe kwenye vipodozi kwa sababu ya mzio. Orodha hiyo iliongezwa mwaka 2023 ikapita 80. Ukiipaka kwenye ngozi yenye mzio, inaweza kuzidi kuwaka.

La kufanya kwanza ni kuacha vyote vyenye harufu kwa pamoja, wiki mbili hadi nne. Oga kwa sabuni isiyo na manukato, paka vazelini isiyo na harufu. Soma kopo: ukiona "parfum", "fragrance", "linalool", "limonene" au "geraniol", kina manukato. Neno "asilia" lisikudanganye, limonene hutoka kwenye maganda ya malimau na machungwa. Nguo za mtoto zisuuzwe mara mbili; foleni ya maji tunaijua, basi punguza poda. Ngozi ikipona, jaribu kitu kimoja kimoja kwa kupaka kidogo ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, kwa wiki nzima au zaidi. Losheni yafaa kujaribiwa hivyo. Sabuni na poda usizipake ukaziacha mwilini. Kinachowasha, achana nacho kabisa.

Uso ukivimba, ukipumua kwa shida, pakitoka usaha, ukipata homa, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga, usingoje wiki hizo. Nenda kituo cha afya mara moja. Chukua na kopo la losheni au mfuko wa poda uliyotumia, hata kama umekwisha, ili muuguzi asome maandishi yake.