Je, Wajua? Pesa ya Chuo Huombwa Ukiwa Bado na Sare

Je, wajua kuwa Septemba 1959 wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, waliondoka Nairobi kwa ndege moja kwenda kusoma Marekani? Vyuo vya kule vilishakubali kuwasomesha. Kilichokosekana ni nauli, na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya ndiye aliyezunguka Marekani akiitafuta. Mwaka uliofuata Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, naye akasafiri kwa mpango huohuo hadi Kansas.

Je, wajua kuwa tatizo la nauli halijaisha? Ufadhili wa "ada yote" mara nyingi ni ada tu. Chakula, malazi, bima na tiketi vinabaki kwa mzazi. Anayekwenda Marekani hudaiwa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kabla hata hajakaa mbele ya afisa wa viza. Soma barua ya ufadhili hadi mstari wa mwisho, ndipo uchinje mbuzi.

Je, wajua kuwa Harvard, Yale, Princeton na wenzao watano wa Ivy League hawatoi ufadhili kwa sababu ya maksi wala mpira? Pesa yao hufuata kipato cha familia. Mtoto wa mkulima anaweza kulipiwa kila kitu, ilimradi apenye kwanza, na hapo ndipo penye kazi.

Je, wajua kuwa dirisha la Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, kwa kawaida hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20? Mtihani wa kidato cha sita Tanzania ni Mei. Anayesubiri matokeo ya Julai ndipo aanze kuulizia, basi asubiri Januari nyingine. Huombwa kwa maksi za shuleni, ukiwa bado bwenini. Kuomba ni bure, umri uwe chini ya miaka 21, na kabla ya masomo yenyewe kuna mwaka wa kujifunza Kituruki.

Je, wajua kuwa Samia Skolashipu ya Tanzania, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, ni ruzuku na si mkopo? Huwalenga waliong'ara katika sayansi kidato cha sita. Lakini kuona jina lako kwenye orodha ya wanaostahili hakutoshi: maombi lazima uyajaze mwenyewe.

Je, wajua kuwa insha kuu ya Common App, fomu inayotumiwa na mamia ya vyuo vya Marekani, haizidi maneno 650? Hayatoshi kwa historia ya ukoo. Yanatosha kwa jambo moja ulilolifanya kweli, hata kama ni kuuza maandazi ya mama kila Jumamosi.

Na je, wajua kinachoweza kukukwamisha unapoomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania? Si maksi tu, hata majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Juma Hamisi Ali, cha shule kinasema Juma H. Ally, na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, haiwezi kubahatisha yupi ni yupi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kabla ya kuambatishwa, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo pia. Fomu nayo inataka saini na mhuri wa serikali ya mtaa, na mwenyekiti huwa safarini siku unayomhitaji.

Cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi sasa hivi? Kama kiko kijijini kwa bibi, likizo ya Desemba kifuate.