Viunganishi vya Kiswahili na Ufundishaji wa Kompyuta katika Shule za Sekondari za Kitale na Bungoma

Mjadala juu ya Kiswahili na kompyuta umekuwa, kwa miaka mingi, mjadala wa majina. Wengine wamelishikilia neno kompyuta. Wengine wamependekeza ngamizi. Wengine wamelikubali tarakilishi, neno linalotokana na tarakimu na akili. Kazi hiyo haikuwa bure, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kikwazo kikubwa cha mwanafunzi wa sekondari si jina la mashine. Kikwazo chake ni mantiki ya programu, na mantiki hiyo hubebwa na viunganishi.

Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, somo la Kompyuta limekuwa na karatasi tatu: nadharia, vitendo na mradi. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Katika nadharia mwanafunzi aweza kukariri fasili na kupata alama. Katika mradi hana budi kuunda programu inayofanya kazi, na hapo ndipo aliyekariri hutengana na aliyeelewa.

Kitale na Bungoma ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Wabukusu, Wasabaot, Watachoni, Wateso na wengineo huishi katika eneo hilo, na aghalabu lugha inayowaunganisha sokoni na stejini ni Kiswahili. Tena hiyo ni nchi ya mahindi. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao hudai kwamba unyevu wa mahindi yanayoletwa ghalani usizidi asilimia 13.5. Sharti hilo, ambalo mtoto wa mkulima hulijua tangu nyumbani, laweza kuandikwa kama programu: pima unyevu, ikiwa hauzidi 13.5, pokea, la sivyo, kataa.

Yafaa kuzingatia kwa nini hapa limetumika neno ikiwa. Kama hutumika kwa sharti, kwa ulinganisho (“magumu kama mawe”) na kwa swali la pembeni (“uliza kama yamekauka”). Vivyo hivyo, “yakikauka, pokea” yaweza kumaanisha kuamua sasa hivi au kungoja hadi yakauke. Binadamu hutambua maana kwa muktadha. Mashine haina muktadha. Mwalimu akieleza tofauti hiyo, mwanafunzi ataona kwamba kuandika programu ni kuondoa utata katika usemi.

Neno au nalo lahitaji uangalifu. Anayeulizwa “chai au kahawa?” hutarajiwa kuchagua kimoja. Lakini agizo “kataa mahindi yenye unyevu mwingi au ukungu” halimwachii mwenye mahindi yaliyo na kasoro zote mbili. Katika kompyuta, au ya kawaida ni hii ya pili.

Mfano ulio bora zaidi ni wa marudio. Tazama maagizo mawili:

(a) Maadamu unyevu unazidi 13.5, anika siku moja, kisha pima.

(b) Anika siku moja, kisha pima. Rudia mpaka unyevu usizidi 13.5.

Kwa juujuu, maagizo haya ni mamoja. Lakini mahindi yaliyokwisha kukauka yakiletwa, agizo (a) halitayaanika hata kidogo, kwa sababu sharti hutazamwa kwanza. Agizo (b) litayaanika siku nzima bila haja, kwa sababu sharti hutazamwa mwishoni. Pascal, lugha ya programu iliyofundishwa sana katika shule za Kenya, ina amri mbili za namna hiyo, na tofauti yao ndiyo hii hasa. Anayekariri amri hizo hukumbuka tahajia tu. Aliyepitia maadamu na mpaka hujua ni ipi itakayomharibia kazi.

Huenda ikasemwa kwamba mtihani ni wa Kiingereza, basi Kiswahili kitampotezea mwanafunzi wakati. Hoja hiyo inachanganya lugha ya kujibia na lugha ya kufikiria. Amri za programu zitabaki kama zilivyo; kinachohitajika ni kwamba mwanafunzi aeleze hatua zake kwa lugha anayoimudu kabla ya kuziandika. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haifai kiishie mlangoni mwa chumba cha kompyuta.

Kwa hiyo wajibu wa wanaisimu haukomei katika kuunda istilahi. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, kiko Bungoma na hufundisha ualimu na kompyuta pia. Idara za namna hiyo zikishirikiana kueleza viunganishi hivi, mwalimu wa Kimilili au Kiminini atapata chombo cha kufundishia kisichohitaji fedha wala umeme.