Shoga: Neno na Hatari Yake Katika Visiwa vya Zanzibar

Kojani ni kisiwa kidogo kilicho kaskazini-mashariki ya Pemba, na wakaaji wake ni wavuvi mashuhuri. Wanaume huenda dago: huhama kwa majira, wakawafuata samaki hata pwani ya Tanga na ya Kenya, wakalala kambini pamoja kwa muda mrefu. Hakuna aonaye ajabu. Nao wanawake, huko Pemba kama Unguja na Mombasa, huitana shoga, yaani mwandani wa kuaminiwa siri.

Neno hilo hilo likielekezwa kwa mwanamume hugeuka. Huwa jina la mwanamume alalaye na wanaume, na aghalabu ni tusi. Hali yenyewe si ya jana. Oskar Baumann, aliyekuwa konseli wa Austria-Hungaria huko Unguja, aliandika habari za watu hao mwaka 1899, akataja jina mke-si-mume. Hanithi nalo limetoka katika Kiarabu. Jinsi litumikavyo Oman, ambako lina maana yake mahsusi, ilielezwa na Unni Wikan mwaka 1977. Basi wasemao kwamba jambo hili limeletwa na watalii hawana budi kuyajibu maneno hayo, ambayo ni makongwe kuliko hoteli.

Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya mwaka 2004 iliweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo la kinyume cha maumbile, na hadi miaka 5 kwa wanawake walalao pamoja. Tanzania Bara adhabu ni miaka 30 hadi maisha. Lakini sheria huadhibu tendo, na tendo hutaka ushahidi, neno halitaki. Mwendo, sauti, au namna ya kufunga kikoi hutosha.

Madhara yake yameonekana. Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, mwezi Februari 2010, uvumi tu wa harusi ya wanaume wawili ulikusanya umati. Watu walipigwa, na kituo cha utafiti wa afya kikazingirwa. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Paul Makonda, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka raia wayapeleke majina ya mashoga ili wakamatwe. Serikali ilijibu kwamba hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe. Hata hivyo siku zile zile, Novemba 3, polisi waliwakamata wanaume kumi Pongwe, Unguja, baada ya kupashwa habari na raia. Na kwa maelezo ya Amnesty International, yaonekana kosa lao lilikuwa kuketi wawili wawili.

Kuketi wawili wawili! Wavuvi wa dago hufanya hivyo kila jioni, wala haliwi neno mpaka mtu alitamke. Likiisha kutamkwa, mtu wa mjini aweza kuhamia mtaa mwingine. Wa Kojani hana mtaa huo; nyumba zimesongamana, na akitaka kuvukia Pemba atapanda chombo cha jirani yake.