Nyonga na Maumivu ya Kiuno

Mtu apitaye alfajiri Haile Selassie Avenue, malori ya mazao yanapopakuliwa katika soko la Wakulima, ambalo watu wa Nairobi hulijua zaidi kwa jina la Marikiti, atawaona hamali wakiinama kupokea magunia mgongoni na kuondoka kwa hatua fupi fupi. Na akimwuliza mmoja wao ni wapi pamuumapo, aghalabu atajishika kiuno. Walakini katika kila hatua, kazi kubwa hufanywa na nyonga, ambayo haitajwi.

Kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja baada ya mwingine. Mguu wa kushoto uinukapo, uzani wa mwili hutaka kuliangusha fupanyonga upande huo, na kinacholizuia hasa ni msuli wa kati wa makalio ya kulia. Na kwa kuwa msuli huo umeshikamana karibu mno na kiungo, hulazimika kuvuta kwa nguvu ikaribiayo maradufu ya uzani wa mwili mzima. Ukidhoofu, fupanyonga huinama upande wa pili, au kiwiliwili hulalia mguu uliosimama. Dalili hiyo ilielezwa mwaka 1895 na tabibu mpasuaji wa Kijerumani, Friedrich Trendelenburg, na hata leo mgonjwa huambiwa asimame kwa mguu mmoja ili itazamwe.

Watafiti waliowalinganisha wenye maumivu sugu ya kiuno na watu wazima wa afya wameukuta msuli huo, mara nyingi, ukiwa dhaifu na wenye kuuma ubonyezwapo. Hata hivyo haijathibitika kwamba udhaifu ndio uliotangulia, kwani mwenye kuumwa hupunguza mwendo, na msuli usiotumika hulegea; na dereva wa matatu ashindaye kitini baina ya Kangemi na mjini, katika misongamano ya Waiyaki Way, huyapumzisha makalio yake kutwa bila hata kuumwa kwanza.

Kuhusu wabebao mizigo, mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenziwe walieleza katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kikuyu, wabebao kwa ukanda wa kipajini, na wa Kijaluo, watwikao kichwani, waliweza kuchukua mzigo wa sehemu moja katika tano ya uzani wao pasipo kutumia oksijeni zaidi ya watembeapo mikono mitupu. Ni mwendo wa ustadi ulioje. Lakini kuokoa pumzi si ithibati ya kuusalimisha mgongo.

Mwaka 2020 watu takriban milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mazoezi kwa maumivu sugu, na kutoipendekeza mikanda ya kiunoni. Mazoezi ya nyonga, kama kulala ubavu na kuinua mguu wa juu polepole, au kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa na kuyainua makalio, hayana gharama, nayo yafaa kuungana na yale ya mgongo, si kuchukua mahali pake. Lakini aliyekufa ganzi sehemu za siri, au ashindwaye kuzuia mkojo, asingoje zoezi lolote: aende hospitali siku hiyo hiyo.