Safari ya gofu Uganda: kiwanja kichaguliwe kwa kumtazama nani?

Ndugu zangu wa pwani, wengi wenu mkisikia Osiri mwadhani ni mahali pa mashimo tu, na hamkukosea. Huku Migori, upande wa Nyatike, watu wanachimba dhahabu kwa mikono yao, na mimi mtoto wa Mombasa nimeifuata riziki yangu huku huku, nawauzia wachimbaji pampu za maji na mipira yake. Lakini mashimo ninayotaka kuyazungumza leo ni yale ya gofu. Chama chetu kina wachezaji 12. Tisa wako Mombasa na Kilifi, watatu tuko Nyanza. Tumechanga fedha mwaka mzima ili mwezi wa Julai twende kucheza nje ya nchi, na kazi ya kupanga viwanja nimepewa mimi.

Tangu orodha ya kwanza ipite kwenye simu, maneno hayajesha. Wanne walio hodari wataka viwanja vyenye majina makubwa, siku tatu mfululizo, mashimo 18 kila siku. Ami mmoja mwenye goti bovu na kina mama wawili walioanza kucheza mwaka jana wamesema wazi kwamba, mambo yakiwa hivyo, warudishiwe michango yao wabaki nyumbani. Chama cha watu 12 kikipoteza watatu, gari lile lile watalilipa tisa, na sidhani kama mwaka ujao kutakuwa na chama. Nimeona niandike hapa jinsi nilivyopanga na kwa nini, kwani najua Nyali, Diani na Malindi kuna makundi mengine yanayopanga safari kama hizi.

Kwanza swali la nchi. Mtu akitazama ramani atasema, wewe uko Osiri, Tanzania iko mlangoni pako, vuka Isebania uingie Sirare mambo yaishe. Ni kweli mpaka uko karibu, ila viwanja haviko karibu na mpaka. Viwanja ambavyo kundi kama letu lingevitaka viko Arusha, Moshi na Dar es Salaam. Kutoka Sirare kwenda Arusha, ama upite katikati ya mbuga ya Serengeti na ulipe kiingilio cha mbuga, ama uzunguke kwa lami kupitia Mwanza, Shinyanga na Singida. Arusha ni safari ya mtu wa Mombasa anayepita Voi, Taveta na Holili, na mwaka juzi tulikwenda kwa njia hiyo. Mwaka huu wenzetu wanakuja huku kwanza, halafu tunapanda pamoja kupitia Homa Bay, Kendu Bay, Kisumu na Busia. Kutoka Busia hadi Jinja ni kilomita 120 hivi, Jinja hadi Kampala 80, Kampala hadi Entebbe 40. Viwanja vimejipanga kwenye barabara moja kama shanga, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchagua Uganda. Kundi likikaa garini saa tano kila siku halichezi gofu, linasafiri tu.

Sasa viwanja vyenyewe. Kila kiwanja kilichopimwa kina namba ya ugumu, wachezaji huiita slopu, kuanzia 55 hadi 155, na cha wastani ni 113. Tangu mfumo mmoja wa handikapu wa dunia uanze mwaka 2020, namba hiyo ndiyo inayogeuza handikapu yako ukiwa ugenini. Bi mwenye handikapu 30 akicheza kiwanja cha 113 anabaki na 30 zake. Akiingia kiwanja cha 130 anapewa 35, ukiacha marekebisho madogo mengine. Hapo wale hodari huniambia, basi hesabu imeshamlinda, shida iko wapi? Shida ni kwamba hesabu humlinda kwenye kadi, haimvushi maji. Mtu ambaye mpira wake ukipaa sana huenda mita 90, ukimweka mbele ya bwawa la mita 110, atapoteza mipira mitatu na furaha yake yote, na walio nyuma wanasubiri. Kwa hiyo nikipiga simu kwa klabu siulizi kwanza bei. Naomba kadi ya kiwanja, natazama urefu kutoka alama za mbele kabisa, kisha nauliza: kutoka alama hizo, ni mashimo gani yanayolazimisha mpira kuruka maji, na ni mita ngapi? Jibu la swali hilo lina faida kuliko picha zote za mtandaoni.

Kwa kipimo hicho Jinja imekuwa ya kwanza kwenye orodha yangu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa kuwa Jinja ina mashimo 9. Mtu wa Mombasa kudharau mashimo 9 nashindwa kumwelewa. Klabu ya Mombasa pale baharini ni ya tangu 1911 na ina mashimo 9, nusu yetu tumejifunzia pale. Kwa kundi lenye watu wa kila aina, kiwanja cha 9 ni rehema: ami na goti lake atapiga duru moja, akae kivulini na chai yake, na wale wanne wazunguke mara ya pili wapate 18 zao. Hakuna aliyebaki nyuma wala aliyecheleweshwa. Tena Jinja ina lake ambalo halipatikani Nyali. Iko karibu na mto Nile unapotoka ziwani, na sheria yake ya wenyeji ni mashuhuri: mpira ukitumbukia kwenye nyayo ya kiboko, unauinua bila adhabu. Kisumu nako, sheria ya zamani ya klabu ya Nyanza iliruhusu mtu kuacha mpira ulioangukia karibu mno na kiboko au mamba na kuangusha mwingine mahali pa salama. Huku kwetu ziwani hakuna anayeona sheria hizo ni mzaha.

Cha pili ni Kigo, kiwanja cha hoteli ya Lake Victoria Serena, baina ya Kampala na Entebbe. Mashimo 18, ziwa liko ubavuni, na maji ni sehemu ya mchezo wenyewe. Hiki ndicho wale wanne wanachokililia, nami sikuwanyima. Ila tutakicheza kwa jozi, hodari na mwanagenzi: wote wawili wapige, mpira ulio mahali pazuri uchaguliwe, kisha wote wapige tena kutoka hapo. Bi akishindwa na maji, mwenzake ameshavuka. Nimekipangia Jumamosi kwa makusudi. Klabu za wanachama siku hiyo hujaa mashindano yao wenyewe, na mgeni hupewa nafasi ya makombo, lakini kiwanja cha hoteli kinaishi kwa wageni.

Cha tatu ni Entebbe. Mashimo 18, klabu ya tangu mwanzo wa karne iliyopita, karibu na bustani ya mimea, na ziwa laonekana. Kwa mtu wa pwani aliyezoea upepo wa bahari ni kiwanja cha kupumulia. Jambo moja la kujua: Entebbe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Fimbo yangu namba saba hunipa mita 130 Nyali, lakini nikipanda bara huongeza mita tano, sita. Wengi wetu siku ya kwanza watarusha mpira nyuma ya grini na kumlaumu kedi. Hiyo pia ni sababu ya kuanzia Jinja, watu wazoee kabla ya kufika penye maji mengi.

Saa nazo zina sheria yake. Watu 12 ni makundi matatu ya wanne wanne, dakika kumi baina ya kundi na kundi. Mashimo 18 kwa miguu ni saa nne na nusu. Kundi la kwanza likianza saa moja u nusu asubuhi, la mwisho litamaliza kama saa sita na dakika ishirini. Mtu akiniambia tuanze saa nane baada ya biriani, kundi la mwisho litamaliza giza likikaribia, na kabla ya giza huenda likamkuta radi, kwani pembezoni mwa ziwa lile mvua ya radi ni ya kawaida sana. Mwenye fimbo ya chuma mkononi, kiwanjani wazi, hapaswi kuambiwa mara mbili.

Kisha Ijumaa. Nimeiacha wazi. Tutaswali Kampala, kwenye msikiti mkuu wa kitaifa juu ya kilima cha Old Kampala, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, na mchana ni wa mapumziko. Wale wanne wanasema siku nzima imepotea na wanataka kiwanja cha Kitante, katikati ya mji. Nimewaambia ruhusa iko: waamke mapema, waanze alfajiri ikishapambazuka, wajilipie wenyewe nje ya mfuko wa chama, na saa sita wawe wameshaoga. Foleni ya magari ya Kampala haimngoji khatibu. Mpaka leo hawajanijibu.

Entebbe nimeiweka Jumatatu, kwa sharti moja, klabu ituandikie kwamba siku hiyo kiwanja hakifungwi kwa matengenezo. Klabu nyingi za Afrika Mashariki hutengeneza nyasi zao Jumatatu. Uliza vile vile kama kuna mashindano ya kampuni wiki hiyo, kama klabu yenu ina mapatano na yao ili mlipe bei ya mwanachama mgeni, na barua ya kutoka kwenu yataka nini. Kina mama wetu wavaao hijabu na suruali pana waulizwe mapema kuhusu mavazi, jibu liwe kwa maandishi, si mtu akasimamishwe mlangoni. Ada ya kedi na bahashishi yake viingie kwenye hesabu ya chama tangu mwanzo, kwa kila mtu sawa.

Za mpakani ni chache. Kitambulisho cha taifa chatosha kwa Mkenya kuingia Uganda. Kadi za manjano ziko mbili, msizichanganye: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo lazima iwe imepita siku kumi, nyingine ni ya bima ya gari ya COMESA, hiyo ni juu yangu na dereva.

Majina na michango ya mwisho naihitaji kabla ya tarehe 15 Mei ili niwatumie klabu malipo ya kushikia nafasi. Ami na kina mama wawili nimeshawatumia kadi ya Jinja waitazame, na bi mmoja amenijibu kwa kuuliza kama kiboko huwa yuko kiwanjani au ni nyayo tu. Mwenye neno zaidi anipigie jioni, mchana huku Osiri mashine za kusaga mawe hazinipi nafasi ya kusikia simu.