Mashine ya Kwanza ya Kuchomelea: Tuanzie Kwenye Soketi

Anayetaka kununua mashine ya umeme ya kuchomelea, ili ajitengenezee lango au grili za madirisha, kwa kawaida huuliza bei, kisha huitazama namba kubwa iliyoandikwa ubavuni: ampea 200, pengine 250. Yafaa aanze kwa kuuliza juu ya umeme wa nyumba yake.

Soketi ya kawaida katika nyumba za Tanzania ni ya volti 230, na plagi yake hutiwa fyuzi ya ampea 13. Tukizidisha tunapata wati 2,990. Kijiti cha kuchomelea chenye unene wa milimita 2.5 huhitaji ampea 80 hivi, na tao la umeme linalowaka baina ya kijiti na chuma huwa na volti zipatazo 23. Hizo ni wati 1,840. Mashine nayo hupoteza sehemu ya umeme kwa joto, hivyo mzigo ulio juu ya soketi huwa mkubwa zaidi. Kijiti cha milimita 3.2, kitakacho ampea 110, hutumia wati 2,640 katika tao peke yake. Ukiongeza upotevu, kikomo kimevukwa. Ampea 250 hazipatikani hapo kamwe. Atakayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ili azipate atakuwa ameuhamishia moto ndani ya kuta za nyumba.

Mashine ya transfoma ya kale ni nzito na huvumilia taabu nyingi. Ile ya inveta huufanya mkondo uwe na makumi ya maelfu ya mizunguko kwa sekunde, ilhali umeme wa ukutani una mizunguko 50. Kadiri mizunguko inavyozidi ndivyo kiini cha transfoma kinavyoweza kuwa kidogo. Ndiyo sababu inveta hubebeka kwa mkono mmoja. Kwa kazi za nyumbani, inveta ya ampea 120 hadi 140 yatosha, mradi ilindwe na vumbi la chuma.

Isomwe pia asilimia ya muda wa kazi. Asilimia 20 kwa ampea 120 maana yake ni kwamba, katika kila dakika 10, mashine ichomelee dakika 2 na kupumzika 8. Kwa anayejifunza hilo si kikwazo, kwani muda mwingi huishia katika kupima, kukata na kugonga magamba.

Zipo pia mashine zinazosukwa na mafundi wetu, za bei nafuu, na baadhi ni imara sana. Lakini koili ya umeme wa ukutani isigusane na ile ya kuchomelea, na kasha liunganishwe na waya wa ardhi. Isiyotimiza hayo isinunuliwe, hata ikiwa ya bure.

Fedha ya kinyago itengwe kabla ya kulipia mashine. Tao hutoa miali ya urujuanimno inayounguza uso wa jicho, na maumivu, kama ya mchanga machoni, huanza saa kadhaa baadaye. Miwani ya jua haitoshi. Kwa ampea hizi kioo cha kinyago kiwe cha namba 10 au 11.